Mama wa usafi alijua kabla ya bodi

Juzi dada mmoja kanitumia meseji ndefu hiyo mpaka nikatafuta kiti nikakaa. Anataka kufungua kituo cha afya ya akili, yeye na wenzake wawili, jengo wameshapata, daktari wa magonjwa ya akili atakua anakuja mara mbili kwa wiki, wanasihi wapo, hadi nembo wameshachora, alafu mwishoni ndo anauliza, dada, mtu anatakiwa awe na sifa gani ili hii kitu isimfie mkononi? Nikaanza kumjibu kwenye simu nikaona vidole vinachoka na bado sijafika popote, nikasema ngoja niandike huku na wengine wasome.

Kwanza niseme nilikotokea ili mtu asije akadhani anaongea na msomi. Mimi nilianzia mapokezi. Miaka 4 kwenye kile kiti, mimi na simu na daftari na boksi la tishu ambalo asubuhi naliweka jipya na jioni limebaki boksi tu. Baadae ndo nikapandishwa nikawa nasimamia shughuli za kila siku, na sasa hivi nipo kituo kingine kabisa, kile cha kwanza sitokitaja jina maana watu wake bado wapo na wengi walikua wema kwangu. Na nikisema afya ya akili namaanisha vyote kwa pamoja, sonona, wasiwasi, ulevi, unga, ndoa zinazovunjika, watoto waliogoma kwenda shule, vyote kwetu vilikua vinaingia kwa mlango mmoja.

Sasa ukiuliza watu sifa watakwambia maono, huruma, uongozi, mtaji. Sikatai hata kimoja. Lakini nimeshaona watu wenye huruma ya kuwatosha na kuwabakia wakiendesha vituo vibovu kweli kweli, na nimeona wenye mtaji wakifunga ndani ya miaka 2. Mimi sifa yangu ni moja na bahati nzuri kiswahili kina neno lake, kuambilika. Kituo kiwe kinaambilika. Mteja akisema kisikie, mfanyakazi akisema kisikie, daftari likisema kisikie, na hata yule ambaye hakuja, kule kutokuja kwake nako ni kusema, kisikie. Inaonekana rahisi eh? Ngoja nikupe stori ya ukuta.

Kituo cha kwanza kilikua na korido ndefu, upande mmoja vyumba vinne vya ushauri, upande wa pili ukuta una fremu tatu zimeandikwa kwa rangi ya dhahabu, HURUMA, USIRI, UBORA, na chini ya fremu ndo viti vya kusubiria. Asubuhi moja niliwahi kuliko kawaida nikamkuta mama wa usafi anafuta vioo vya zile fremu, nikamwambia shikamoo mama, akaniitikia marahaba mwanangu, alafu bila kuacha kufuta akaniuliza, "Hivi yule kijana wa Jumanne, mdogo wake kashaonekana?" Nikamwambia kijana gani mama. "Si yule anayelia kila akija, mdogo wake alitoroka nyumbani." Mwili ukanisisimka. Mimi ndo nilikua naandika miadi yote na mimi mwenyewe sikua najua kijana wa Jumanne analia nini. Nikamuuliza we umejuaje mama? Akaniangalia kama namuuliza swali la kitoto. "Kwani nyie hamsikii? Nikideki hapa namsikia yeye namsikia na anayemuuliza. Nilishamwambia baba wa stoo toka mwaka jana, akasema hayo sio ya kwetu."

Siku hiyohiyo mchana nikaenda kukaa kwenye kiti cha tatu, fremu ya USIRI iko juu ya kichwa changu inatazamana na mlango wa chumba namba 2, nikashika simu kama nasoma. Nikamsikia mnasihi neno kwa neno. Pembeni yangu walikua wamekaa wateja wawili wanaangalia sakafu, na mmoja wao ndo anayefuata kuingia kwenye chumba kilekile. Yani mtu anasikia ya mwenzake, anajua kabisa na yake yatasikika, alafu sisi kwenye kikao tunajiuliza mbona wateja wa siku hizi hawafunguki.

Nikaenda kwa bosi. Bosi wetu alikua daktari mzuri sana, hilo nalisema kwa moyo mweupe, ila jibu lake la kwanza lilikua "hao wa usafi wanapenda umbea, achana nao." Nikanyamaza siku mbili, ya tatu nikamwambia, daktari, samahani, naomba tu ukae hapa dakika mbili. Akakaa. Hazikufika hata dakika mbili akavua miwani akaanza kuifuta, akainuka akaenda ofisini kwake hakuniambia kitu. Jumamosi fundi kaja, milango ikawekwa mpira chini, viti vikahamishiwa upande wa mbele, redio ndogo ikawekwa koridoni. Kazi ya siku moja na hela yake wala haikua ya kuitia kikao. Lakini hilo neno lilikaa kwa mama wa usafi zaidi ya miezi 8 kwa sababu hapakua na njia ya kulitoa kwake kulifikisha kwa mtu mwenye uwezo wa kuita fundi. Kwenye zile fremu tatu hakuna hata moja ingelileta.

Kwaiyo dada, kabla ya nembo, jiulize neno baya linapita wapi kwenye kituo chako mpaka likufikie. Mazuri yanafika yenyewe, hayo usihangaike nayo.

Alafu kuna hili la wataalamu wenyewe, na hapa najua nitagusa watu. Kazi hii ina ugonjwa wake, kila anayeifanya anajiona anaifanya vizuri. Sio maneno yangu. Mwaka 2012 ilitoka tafiti moja, watoa tiba 129 waliulizwa wajipime wenyewe kwa kujilinganisha na wenzao, robo nzima wakajiweka kwenye asilimia 10 ya juu kabisa na hakuna hata mmoja aliyejiweka chini ya wastani. Hata mmoja! Na kuna nyingine ya 2005 inayotisha zaidi, watoa tiba waliambiwa watabiri kati ya wateja 550 ni wangapi wataishia kuwa na hali mbaya kuliko walivyoingia, wakasema 3. Walioharibika kweli walikua 40. Na katika wale 3 waliotabiriwa ni mmoja tu waliyempatia. Sasa hawa ni watu waliosoma, wana nia njema, wamekaa chumba kimoja na mteja wiki baada ya wiki, na bado hawaoni anayezama. Sio kwamba ni wabaya, ni kwamba mteja anakuonea aibu, anakwambia "naendelea vizuri" kwa adabu tu, kama tunavyojibu wote tukiulizwa habari za asubuhi, nzuri, hata kama nyumba inaungua.

Ndo maana napigia debe madodoso, najua yanachosha. Lile la sonona linaloitwa PHQ-9 lina maswali 9 tu, kila moja unajipa 0 hadi 3 kwa jinsi ulivyojisikia wiki 2 zilizopita, jumla haizidi 27, mtu anajaza kwenye kiti cha kusubiria na kabla hajaitwa kashamaliza. Limetoka toka 2001 na kulitumia ni bure. Uzuri wake mtu akijaza leo 19 na baada ya wiki 6 bado ni 19 basi hakuna cha "naona kama anafunguka kidogo kidogo," namba haibembelezi mtu, kaeni chini mbadilishe mnachofanya.

Ila kuwa na fomu sio kuambilika, na hili nimejifunza kwa kuumia. Sisi tulianza kujazisha kwa mbwembwe kabisa, tukachapisha, tukanunua kalamu, wateja wanajaza, mimi nakusanya naweka kwenye trei, jioni zinaenda kwenye faili. Nani anazisoma? Kila mtu anajua kuna mwenzake anazisoma. Siku moja napanga, jengo limebaki na mlinzi na mimi tu, nikakuta fomu ya dada mmoja aliyekuja saa 3 asubuhi, swali la 9, lile linalouliza kama umekua ukifikiria bora ufe au kujidhuru, kazungushia 2. Maana yake zaidi ya nusu ya siku za zile wiki 2. Katuambia kwa mkono wake saa 3 asubuhi, karatasi imelala kwenye trei hadi saa 12 jioni. Mikono ilitetemeka nikashindwa hata kubonyeza namba, mlinzi ndo alinisaidia kushika tochi nisome ile namba ya simu vizuri. Alipokea. Tuliongea mpaka mdogo wake akafika kumchukua. Kesho yake nikakataa kuweka trei tena pale mezani, nikamwambia bosi hakuna fomu italala, mteja hatoki kwenye jengo kabla fomu yake haijasomwa na mtu mwenye jina, na jina hilo liandikwe kwenye fomu yenyewe. Hadi leo kituo nilipo ndo sheria ya kwanza ninayomfundisha mtu wa mapokezi, kabla hata ya kumwonyesha choo kilipo.

Na wapo waliolichukua hili jambo mbali kuliko mimi. Mwaka 2001 idara ya afya ya akili ya mtandao wa hospitali za Henry Ford kule Detroit, Marekani, walikua kwenye mpango wa kuboresha huduma, wakajiuliza huduma kamilifu ya sonona ingekuaje, na inasimuliwa kwamba muuguzi mmoja ndo alisema kama ingekua kamilifu basi hakuna mgonjwa wetu angejiua. Wengine wakaona haiwezekani. Lakini wakalichukua, wakaweka sifuri kama lengo, kila mgonjwa anaulizwa kila akija, mwenye hatari anapata nafasi haraka, familia inaongozwa kuondoa vitu vya hatari nyumbani, na kila kifo kinachunguzwa kama kosa la mfumo na sio kutafuta wa kumfukuza kazi. Vifo vya kujiua kwa wagonjwa wao vikashuka kutoka 89 kwa kila watu 100,000 hadi 22, na baadae kikapita kipindi cha zaidi ya miaka 2 bila hata kimoja. Mi ninapoisoma hii huwa nabaki kwa yule muuguzi. Kwenye vikao vingapi muuguzi angesema hivo akaambiwa tuendelee na ajenda.

Sasa tuje kwa wasiokuja, hapa ndo penzi langu. Mapokezi nilianzisha daftari, juu nimeandika WASIOKUJA, kila aliyekosa miadi namwandika na kesho yake nampigia, sio kumgombeza, namuuliza tu kwema? Nilidhani nitasikia nauli, mvua, nilisahau. Nilisikia hayo ndio, lakini nilisikia na mengine. Mmoja aliniambia, "Dada yangu, lile bango lenu getini mmeandika kwa herufi kubwa mno." Bango letu lilisema kituo cha wagonjwa wa akili na waraibu, nyekundu, linasomeka toka barabarani. Mtu kafika, kaona nani yuko barabarani, kapitiliza kama anaenda sehemu nyingine. Wa pili akasema hivohivo, wa tatu pia. Tulilipia lile bango na tulipiga nalo picha siku ya uzinduzi!

Nikaja kujua baadae kwamba hili limeshawakuta wakubwa. Dixon Chibanda, yule daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe aliyeanzisha mwaka 2006 lile benchi la bibi, yani bibi waliofundishwa wanakaa na mtu kwenye benchi wanamsikiliza, mwanzo aliliita benchi la afya ya akili, wale bibi aliokua anafanya nao kazi wakamwambia mwanangu kwa jina hilo hakuna atakayekaa. Akaambilika. Likaitwa benchi la urafiki. Na ndani yake hawasemi sonona wala nini, wanatumia neno la kishona, kufungisisa, ambalo hata mswahili ukilisikia kidogo unahisi uzito wake, ni kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 matokeo yao yakatoka, watu 573 kwenye kliniki 24 za Harare, waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu. Bibi hao hawana digrii. Wana mafunzo, wana mtu wa kuwasimamia, na wana benchi nje penye hewa. Na nadhani lile jina lilifanya nusu ya kazi, hayo ni mawazo yangu.

Wengine watasema kumpigia asiyekuja ni kujipendekeza, au ni kupoteza vocha. Haya, kuna Jerome Motto, huyu alikua daktari wa magonjwa ya akili San Francisco, kuanzia 1969 akachukua watu waliolazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua na walipotoka wakakataa matibabu ya kuendelea, 843, akawagawa makundi mawili. Kundi moja likaandikiwa barua fupi fupi kwa miaka 5, barua hazidai kitu, hazimwambii arudi kliniki, zinasema tu tumekukumbuka, tunatumaini mambo yako yanaenda, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Kundi la pili hakuna. Ile miaka 2 ya mwanzo walioandikiwa walijiua wachache kuliko wenzao. Barua tu jamani. Na miaka 2 ya mwanzo ndo yenyewe maana hatari kubwa iko pale mtu anapotoka, wiki za kwanza baada ya wodi, na kwa waliokua wanatumia unga ndo zaidi, mwili umeshasahau kile kiwango, arosto imeisha, akirudia dozi yake ya zamani inamuua. Kwaiyo kituo kinachosherehekea mtu "kamaliza programu" alafu kesho yake hakuna anayejua yuko wapi, mi sikielewi. Sherehe fanya, keki kata, ila simu ya kumpigia wiki ijayo iwe imeshapangiwa mtu.

Japo pia tusijitese, sio kila asiyerudi tumemshindwa. Mwanasaikolojia mmoja, Moshe Talmon, aliwapigia simu wateja wake 200 waliokuja mara moja tu wakapotea, asilimia 78 wakamwambia walipata walichokua wanataka. Ila aliwezaje kujua? Alipiga simu. Asingepiga angekaa na mojawapo ya uongo wawili, ama kwamba yeye ni hodari sana ama kwamba hafai.

Wafanyakazi. Hapa niende haraka kidogo ingawa pana mengi. Neno la kuchoka kazini, kule kuungua mpaka unabaki jivu, lililetwa kwenye maandishi ya kitaalamu 1974 na mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, na hakulitoa benki wala kiwandani, alilitoa kwenye kliniki ya bure New York alikokua anajitolea usiku na yeye mwenyewe yakamkuta. Yani ugonjwa huu umezaliwa ndani ya nyumba yetu. Dalili ya kwanza niliyoiona mimi kwa wanasihi sio kulia, ni utani. Mtu anaanza kuwaita wateja "mateja" kwenye chumba cha wafanyakazi na wote tunacheka, na anayecheka zaidi ndo aliyechoka zaidi. Dawa yake ninayoijua ni ile saa moja kwa wiki mnasihi anakaa na mkubwa wake kikazi anasema kesi hii imenishinda, na kila kituo nilichopita hiyo saa ndo ya kwanza kufutwa kukiwa na foleni. Inafutwa wiki moja, ya pili, alafu unashangaa watatu wameacha kazi kwa mpigo na wateja wao 60 wanaanza upya kusimulia maisha yao kwa mgeni.

Kwenye usaili huwa na swali moja tu ninalolipenda, niambie mteja aliyekushinda. Yupo mmoja alikuja na vyeti vinavyojaa meza, akafikiria, akasema kwa kweli sina. Nikamshukuru sana. Mwingine, kijana aliyepona pombe mwenyewe, akanyamaza muda mrefu alafu akataja mtu, hakutaja jina ila alitaja shati alilokua amevaa mara ya mwisho. Huyo tulimchukua. Wale waliopita njia hiyo wenyewe wanaambiwa vitu na wateja ambavyo mimi na wewe hatutaambiwa hata tukae miaka, usiwaweke kwenye kituo kama mapambo ya ripoti, wape mishahara na wape na wao hiyo saa moja.

Hela. Mtu anayelipa ndo anakusemesha, hiyo ujue. Ukilipwa kwa kila kikao utajikuta una vikao vingi, ukilipwa kwa kitanda utajikuta watu hawaponi mapema, na hakuna aliyekaa akapanga ubaya, inatokea tu. Uwe na mtu wa hesabu ambaye anaweza kukwambia hapana na kazi yake ikabaki. Na usifungue tawi la pili kwa sababu la kwanza limejaa, kujaa kunaweza kuwa ni watu wanakuja mara 30 bila nafuu. Sitaki kuongea zaidi ya hapo, mambo ya hela mimi huwa nayakimbia na nimeshawahi kulipia hiyo tabia.

Na mwanzilishi mwenyewe, yani wewe dada. Nimekuuliza kwenye meseji bodi yako ni kina nani umenijibu ni shangazi yako, rafiki yako wa chuo na mchungaji wako. Wote wanakupenda. Nani kati yao ataweza kukwambia umekosea, na akikwambia, wewe utakua unafuta miwani au utasema ni umbea? Bosi wangu yule baada ya ule ukuta alibadilika nusu. Alianza kuwauliza watu wa usafi. Lakini daktari mdogo alipomwambia dozi anazoandika ni kubwa mno kwa wazee, alimhamisha zamu. Watu wakaona, wakanyamaza, na kituo kikarudi kuwa kimya kizuri kile ambacho wageni wakija wanasema hapa pametulia.

Hapa nilipo sasa kikao cha Jumatatu anakaa kila mtu, wa usafi na mlinzi wakiwemo, na wao ndo wanaanza kuongea kabla ya madaktari, hilo nililipigania maana daktari akishaongea hakuna wa chini atakayeongeza kitu. Wiki iliyopita mlinzi akasema kuna baba mmoja anakuja kila Alhamisi anasimama ng'ambo ya geti kama dakika 10, haulizi kitu, anaondoka, hii ni wiki ya tatu. Mmoja wetu akasema pengine anasubiri gari. Mlinzi akasema, "Magari hayasimami pale." Tukakubaliana asimfuate, asimhoji, amsalimie tu.

Alhamisi kaja. Mlinzi kamwamkia shikamoo mzee, kamwambia kuna benchi huku ndani kwenye kivuli, jua kali. Kaingia kakaa robo saa hivi, kofia mkononi, akainuka akasema ahsante akaondoka. Jina hajasema na hakuna aliyemuuliza. Kwenye daftari langu nimemwandika "wa benchi," na nimebadilisha ratiba ya zamu ili Alhamisi ijayo awepo getini mlinzi yuleyule.